Sura na Mtu

Wengi wetu tumelelewa katika imani kwamba picha nzuri ni picha ya kitu kizuri. Mchoraji akichora ua, twamsifu ikiwa ua lake lafanana na lile la bustanini; na akimchora mwanamke, twamsifu ikiwa mwanamke huyo ana macho maangavu, shingo ndefu na tabasamu la upole. Imani hii ina sehemu yake ya kweli, wala sikusudii kuitupa. Walakini ina hatari moja ambayo nimeifikiri kwa muda mrefu katika kazi yangu ya kuwafundisha sanaa walimu wa kesho: hutufanya tudhani kwamba kumwona mtu ni jambo jepesi. Katika insha hii nataka kuzungumza nanyi, wasomaji wangu vijana, juu ya picha za mwanamke ambazo hazina shingo ndefu wala tabasamu la upole, na ambazo zimenifundisha jinsi kazi ya kumwona mtu ilivyo ngumu.

Picha hizo zilichorwa katika mji wa New York, nchini Marekani, katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Wakati huo palitokea kundi la wachoraji ambao wengi wao waliacha kuiga umbo la vitu vinavyoonekana. Badala ya mti, nyumba au mtu, walichora mwendo wa mkono, uzito wa rangi, ghadhabu, furaha na wasiwasi. Jackson Pollock, mathalani, alitandaza turubai sakafuni akalidondoshea rangi huku akilizunguka. Mtindo wao uliitwa ekspreshonizimu dhahania, yaani uchoraji unaodhihirisha yaliyomo moyoni pasipo kuiga yaliyo mbele ya macho. Twaweza kuufananisha na ngoma isiyo na maneno: msikilizaji haambiwi habari yoyote, lakini moyo wake wajua kama ni ya msiba au ya arusi.

Miongoni mwao alikuwamo Willem de Kooning. Alizaliwa Rotterdam, nchini Uholanzi, mwaka 1904, akafundishwa kuchora kwa taratibu kali za zamani katika chuo cha sanaa cha mji huo, na mwaka 1926 akavuka bahari kwenda Marekani kwa kujificha melini. Huko alianza kujipatia riziki kwa kupaka nyumba rangi. Nayataja haya kwa sababu kila nionyeshapo picha zake, hapakosi mtu wa kunong'ona kwamba huyu hakujua kuchora. Alijua. Yapata mwaka 1940 alimchora kwa kalamu ya risasi Elaine Fried, ambaye alimwoa mwaka 1943. Katika mchoro huo uso, nywele na mikunjo ya nguo vimefuatwa kwa subira, na mistari yake ni myororo kiasi cha kumridhisha mwalimu mkali kabisa. Mkono uliochora mchoro ule ndio uliochora picha nitakazozieleza. Basi tusiulize kama aliweza. Tuulize kwa nini alichagua njia nyingine.

Mwaka 1950 de Kooning alimaliza picha kubwa ya dhahania iitwayo Excavation, ambayo sasa imo Chicago, na sifa yake ilikuwa ikipanda. Wengi walitazamia aendelee na njia hiyo. Lakini mwezi Juni wa mwaka huo alitundika turubai jipya, akamrudia mwanamke. Wako wenzake waliomlaumu kwamba amerudi nyuma, kwa maana waliamini kuwa zama za kuchora sura ya mtu zimekwisha. Hakuwasikiliza. Kwa karibu miaka miwili alimchora mwanamke huyo, akamkwangua, akamchora tena. Alichora viungo vya mwili juu ya karatasi, akazikata karatasi hizo, akazihamisha huku na huko juu ya turubai. Bega lililokuwa hapa leo, kesho lilikuwa kule. Zimesalia picha za kamera zilizopigwa wakati wa kazi hiyo, na katika kila hatua mwonekano wa mwanamke ni mwingine.

Mwanzoni mwa mwaka 1952 alikata tamaa, akaiweka kando. Mtaalamu wa historia ya sanaa, Meyer Schapiro, alipomtembelea aliulizia habari za picha hiyo, na mazungumzo yao yakamtia mchoraji moyo hata akaitoa tena na kuimaliza. Mwezi Machi 1953 ilionyeshwa katika ukumbi wa Sidney Janis pamoja na nyingine za jamii yake, na mwaka huo huo Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York likainunua. Jina lake ni fupi: Mwanamke, namba ya kwanza.

Mimi sijapata kufika New York. Picha hii naijua kwa nakala iliyomo kitabuni. Kwa kuwa nakala ndogo hudanganya macho, siku ya somo nilichora kwa chaki ukutani mstatili wenye kimo cha sentimita 193 na upana wa sentimita 147, nipate kuwaonyesha wanachuo ukubwa wa turubai lenyewe. Mwanachuo mrefu kuliko wote alisimama ndani yake, na mstari wa juu ukapita juu ya kichwa chake. Ndipo nikakifungua kitabu.

Mwanamke ameketi akitukabili. Macho yake ni makubwa, meusi, yamekodolewa. Meno yameanikwa nje, wala hujui kama anacheka au anataka kuuma. Kifua kimetokeza kama ngao. Mikono na miguu imezama ndani ya mapigo ya brashi, nyeupe, kijivu, waridi, chungwa na kijani, hata huwezi kusema mwili waishia wapi na pale alipoketi paanzia wapi. Mtu akitupa jicho mara moja huona hasira tu. Akidumu kutazama, huanza kuona mashaka: mstari uliowekwa ukafutwa, ukawekwa tena kando kidogo, kama mtu atafutaye neno sahihi katika lugha asiyoijua vema.

Darasa lilicheka. Mmoja alisema huyu ni jini. Mwanachuo mwingine, mvulana mwenye maskhara, alisema amemkumbusha jirani yao siku anapokuja kudai deni, na kicheko kikazidi. Msichana mmoja tu hakucheka. Aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, mwanamke huyu aliombwa ruhusa?"

Nilimjibu kwamba hapakuwa na mwanamke aliyeketi mbele ya mchoraji. Huyu alitoka katika mawazo yake mwenyewe. Yule msichana akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi ni vibaya zaidi. Kama hapana mmoja aliyeketi, ametuchora sisi sote."

Wasomaji wangu, mimi pia ni mwanamke, wala sikuweza kulijibu neno lile kana kwamba halinihusu. Na yule msichana hakuwa peke yake. Tangu picha hizo zilipoonyeshwa, wako waliosema kwamba mchoraji amemkatakata mwanamke kwa brashi kama mtu afyekaye kwa panga. Na wanawake wasomi wa miaka iliyofuata wamelitia shauri hilo nguvu. De Kooning mwenyewe alitaja masanamu ya kale ya Mesopotamia, yenye macho makubwa ya kutisha, akasema pia kwamba aliona katika picha zake jambo la kuchekesha. Maneno ya msanii juu ya kazi yake yafaa kusikilizwa, lakini hayafungi kesi. Mtu aliyepigwa hapati nafuu kwa kuambiwa kwamba mpigaji alikuwa akicheka.

Kwangu mimi, ufunguo umo mdomoni. Kabla ya kumaliza ile picha kubwa, de Kooning alitengeneza nyingine ndogo juu ya karatasi, mwaka 1950, ambayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York. Ndani yake mwanamke amechorwa kwa rangi, lakini mdomo wake haukuchorwa. Mchoraji aliukata kutoka katika tangazo la sigara lililochapishwa gazetini, akaubandika usoni: tabasamu jeupe, safi, lililotengenezwa kwa ajili ya kuuza bidhaa. Picha nzima inayumba na kutapatapa, na katikati yake tabasamu hilo limetulia tuli, maana si la mtu yeyote. Nilipoujua ukweli huu nilianza kuyatazama yale meno makubwa kwa jicho jingine. Niliona kwamba sehemu ya kutisha katika mwanamke yule haikutoka kwake. Ni kitu alichobandikwa.

Kubandikwa huko twakujua sote. Nenda barabara kuu yoyote ya nchi yetu utazame mabango: mwanamke anatabasamu kuuza sabuni, anatabasamu kuuza unga, anatabasamu kuuza mkopo. Fungua simu, nayo italainisha shavu lako kabla hujaiamuru. Kijana aliyekulia katikati ya sura hizo hujifunza, bila kufundishwa na mtu, jinsi mwanamke "anavyotakiwa" kuonekana. Kisha humtazama mama yake, dada yake, au yeye mwenyewe kiooni, akaona upungufu.

Dada yangu mkubwa ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Alilipata akiwa na miaka minane, siku alipoteleza njiani akiwa amenibeba mgongoni. Aliacha uso wake upige jiwe ili mikono yake isiniachilie. Siku ya arusi yake alipigwa picha nyingi, na mpiga picha, akidhani anamtendea hisani, alizisafisha kwa mashine yake hata kovu likatoweka na ngozi ikawa nyororo kama ganda la yai. Picha zilipoletwa nyumbani wageni walizisifu. Mama alivaa miwani yake, akaishika moja karibu na dirisha, akaitazama kwa kitambo, kisha akauliza, "Huyu ni nani?" Hakuwa akifanya mzaha. Mpiga picha alikuwa amefuta alama ile ambayo mimi ndiyo sababu yake, na ambayo sijapata kuishukuru vya kutosha.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwepesi wa kushuku uzuri uliokwisha pigwa pasi. Simaanishi kwamba ubaya ndio ukweli. Huo nao ungekuwa ujinga, na mchoraji awezaye kuchora meno ya kutisha tu ni mtumwa sawa na yule awezaye kuchora tabasamu tu. Neno langu ni hili: mtu ni mkubwa kuliko sura yake, na mchoraji mwaminifu hukuta kwamba kila mstari anaouweka umemkosa kidogo. Ndiyo maana de Kooning alimkwangua mwanamke wake kwa miaka miwili.

Mwaka 1966 mchoraji huyo alifanya jambo jingine ambalo nimeliiga darasani. Alichora michoro mingi ya watu kwa makaa akiwa amefumba macho. Alitaka mkono usimamiwe na kumbukumbu na mguso, maana jicho lilikuwa limezoea kupendeza. Nami niliwagawia wanachuo makaa na karatasi, nikawaambia wafumbe macho, kila mtu amchore mama yake. Walinung'unika, kisha wakanyamaza. Kwa dakika kumi haikusikika sauti ila mkwaruzo wa makaa.

Walipofumbua macho walicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa cha namna nyingine. Hapana picha iliyofanana na mama yeyote. Walakini katika moja mikono ilikuwa mikubwa kuliko kiwiliwili, na mwenyewe akatueleza kwamba mama yake hufua nguo za watu. Katika nyingine palikuwa na mdomo tu na sikio, kwa kuwa mama yule alikuwa mwimbaji kanisani. Msichana yule aliyeuliza habari ya ruhusa alikuwa amechora mgongo: mstari mmoja mrefu uliopinda, na juu yake mzigo. Hapakuwa na uso hata kidogo. Alisema, "Nilipokuwa mdogo tulikwenda kuni kila asubuhi. Njia ilikuwa nyembamba, naye alitangulia. Mgongo wake ndio niujuao." Hakuna aliyecheka. Mama huyo, tulikuja kufahamu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Nilimkumbuka Elaine de Kooning. Yeye naye alikuwa mchoraji hodari, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1989. Mwaka 1962 alimchora rafiki yake, mshairi Frank O'Hara. Kwanza aliuchora uso kwa ukamilifu, kisha akaufuta. Na alieleza baadaye kwamba uso ulipoondoka, rafiki yake alionekana zaidi kuliko ulipokuwapo. Msimamo wa mwili ulitosha. Mwanachuo wangu hakuwa amesoma habari hiyo, lakini mkono wake uliijua.

Yapasa sasa tuseme habari ya fedha, kwa maana nayo ni sehemu ya kisa. Picha ya tatu katika jamii ile ya Mwanamke ilikuwa mali ya jumba la makumbusho la Tehran, nchini Iran. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 haikuweza kuonyeshwa hadharani huko, na mwaka 1994 ilibadilishwa kwa kurasa za kitabu cha kale cha Kiajemi chenye michoro ya thamani. Mwaka 2006 iliripotiwa kuuzwa kwa dola milioni 137.5. Nyingine ya jamii hiyo iliibiwa mwaka 1985 katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Arizona: mwanamke mmoja alimshughulisha mlinzi kwa maneno, na mwanamume aliyefuatana naye akaikata turubai kutoka katika fremu yake. Haikuonekana tena hata mwaka 2017. Sura ya mwanamke, basi, yaweza kuthaminiwa, kuibwa, kufichwa na kurudishwa kwa shangwe. Lakini wanawake walioshika brashi wenyewe katika mji ule ule na miaka ile ile hawakutafutwa kwa bidii kama hiyo.

Elaine aliishi chini ya kivuli cha jina la mumewe, na kazi zake nyingi alizitia sahihi kwa herufi za mwanzo tu. Grace Hartigan, aliyezaliwa mwaka 1922, alitumia jina la George katika maonyesho yake ya awali; mwenyewe alisema alifanya hivyo kwa kuwaenzi waandishi wawili wanawake, George Sand na George Eliot, ambao nao walijificha nyuma ya jina hilo la kiume. Hartigan aliishi karibu na mtaa wa Grand Street, wenye maduka ya nguo za maharusi. Mwaka 1954 alichora picha kubwa ya masanamu yaliyovishwa nguo hizo madirishani. Maharusi wamesongamana katika vazi lao jeupe, wametukabili, na nyuso zao ni kama barakoa. Rangi imepigwa kwa nguvu ile ile ya wachoraji wenzake, brashi ni pana, mistari imevunjika. Lakini tofauti yaonekana. De Kooning alimtazama mwanamke kutoka nje, akastaajabu na kuogopa. Hartigan alilitazama vazi ambalo mwanamke huandaliwa alivae, akauliza ni nani aliyemo ndani.

Nimeziweka picha hizi mbili ubavu kwa ubavu mbele ya wanachuo mara nyingi, wala sitaki waniambie ipi ni bora. Nataka waone kwamba swali moja lilikuwa na watu wawili wa kuliuliza, na kwamba historia kwa muda mrefu ilimpa sikio mmoja wao. Picha ya de Kooning siwezi kuitundika sebuleni kwangu. Macho yale yangeninyima usingizi. Hata hivyo nitaendelea kuifundisha, kwa sababu imekataa kunidanganya kwamba mwanamke ni kitu chepesi kufahamika. Na maneno ya yule msichana nayafundisha pamoja nayo, maana picha bila swali hilo ni nusu ya somo.

Kwenu ninyi vijana nina ombi dogo. Makaa hayana gharama. Lichukue moja jikoni lililokwisha poa, na karatasi yoyote. Mchague mwanamke mmoja unayemjua, nyanya yako, shangazi, au mama auzaye mboga penye kituo cha matatu, umwombe ruhusa ya kumchora. Usimtafutie uzuri wala ubaya. Mtazame akiwa kazini, uchore, ufute, uchore tena, hata karatasi ikichakaa. Kisha mpelekee aitazame, unyamaze, umsikilize atakalosema. De Kooning, ambaye mwanamke wake alitoka kichwani, hakuwa na mtu wa kumpelekea.